Kila Njia Ilikataliwa: Bunge la Uingereza na Mkwamo wa Kuondoka Ulaya



Usiku wa tarehe 15 Januari 2019, katika jumba la Westminster jijini London, wahesabu kura wanne walisogea mbele ya Spika na mmoja wao akasoma matokeo: waliosema ndiyo 202, waliosema hapana 432. Serikali ya Waziri Mkuu Theresa May ilikuwa imeangushwa kwa tofauti ya kura 230, kipigo ambacho hakuna serikali ya Uingereza ya zama hizi iliyowahi kukipata bungeni. Kilichokataliwa kilikuwa mkataba wa kuiondoa nchi hiyo katika Umoja wa Ulaya, mkataba uliojadiliwa kwa karibu miaka miwili. Kesho yake wabunge wale wale wakapiga kura ya kutokuwa na imani na serikali, na serikali ikapona kwa kura 325 dhidi ya 306. Waziri Mkuu akabaki ofisini, mkataba wake ukiwa umekataliwa, na nchi ikiwa na wiki kumi tu kabla ya siku ya kuondoka.

Kwa nini tuzungumzie habari hii huku kwetu? Kwanza, mabunge yetu ya Dodoma, Nairobi na Kampala yamerithi mengi kutoka Westminster: Spika na siwa, Hansard, hoja inayotolewa na kuungwa mkono, wanaoafiki na wasioafiki. Pili, nchi zetu zimo katika jumuiya ya kibiashara, na mara kwa mara husikika sauti, kwenye mikutano ya hadhara na hata ndani ya Bunge, zikisema afadhali tujitoe. Anayesema hivyo ana haki ya kusema. Lakini ni vizuri ajue yaliyowakuta waliotangulia.

Hoja yangu leo ni moja. Mkwamo ule haukuzaliwa bungeni. Ulizaliwa siku wananchi walipoulizwa kama nchi iondoke, bila mtu kuwaandikia ikiondoka itakwenda wapi. Wabunge walikabidhiwa amri isiyo na maelekezo, na kila walipojaribu kuyaandika maelekezo wenyewe, walikuta kuna wengi wa kuikataa kila njia na hakuna wengi wa kuikubali hata moja.

Tuanze na historia, kwa kifupi. Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa Ulaya, tarehe 1 Januari 1973, chini ya Waziri Mkuu Edward Heath. Mwaka 1975 serikali ya Harold Wilson iliwauliza wananchi kama wabaki, na asilimia 67 wakasema tubaki. Ubishi haukuisha hapo. Ndani ya chama cha Conservative kulikuwa na kundi lililoona mamlaka ya nchi yanahamia Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, kidogo kidogo, na nje ya chama hicho kikakua chama cha UKIP cha Nigel Farage, kilichovuta wapiga kura kwa ajenda hiyo hiyo. Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron wa Conservative akaahidi kura ya maoni, kwa sehemu kubwa ili akitulize chama chake. Aliposhinda uchaguzi wa 2015, ahadi ikawa deni.

Kura ikapigwa tarehe 23 Juni 2016. Waliotaka kuondoka walikuwa asilimia 51.9, waliotaka kubaki asilimia 48.1. Kati ya watu zaidi ya milioni 33 waliopiga kura, tofauti haikufika milioni 1.3. England na Wales ziliamua kuondoka. Uskoti ilitaka kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa karibu asilimia 56. Karatasi ya kura iliuliza jambo moja: Uingereza ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au iondoke. Iondoke vipi, iwe na uhusiano gani na majirani zake, nani alipe gharama, hayo hayakuulizwa. Serikali ya Cameron ilikuwa ikipigania kubaki, na mpango wa kuondoka haikuuandaa. Asubuhi ya matokeo Cameron akatangaza kujiuzulu.

Sasa, kuondoka katika umoja wa kibiashara kuna ngazi nyingi, na sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuzielewa vizuri maana tumezipanda moja moja. Umoja wetu wa Forodha ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja likafuata mwaka 2010. Katika umoja wa forodha wanachama hawatozani ushuru, na bidhaa inayotoka nje hutozwa kiwango kile kile, iwe imeshushwa Mombasa au Dar es Salaam. Katika soko la pamoja yanaongezeka mengine: watu, mitaji na huduma vinavuka mipaka, na viwango vya ubora wa bidhaa vinatambuliwa kila upande.

Uingereza ilikuwa na njia kadhaa mbele yake. Ingeweza kufuata njia ya Norway, ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo katika soko la pamoja, inachangia fedha, inafuata kanuni nyingi za Ulaya na inapokea wafanyakazi kutoka nchi wanachama. Ingeweza kufuata njia ya Uturuki, iliyo na umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa za viwandani bila kuwa ndani ya soko la pamoja. Ingeweza kufuata njia ya Kanada, yenye mkataba wa kawaida wa biashara huria. Au ingeweza kutoka mikono mitupu na kufanya biashara na jirani zake kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ushuru na ukaguzi ukianza siku hiyo hiyo.

Angalia sasa ugumu ulipo. Aliyepiga kura ya kuondoka kwa sababu ya uhamiaji hakuweza kuikubali njia ya Norway. Aliyetaka nchi yake ifunge mikataba yake yenyewe na Marekani au India hakuweza kuikubali njia ya Uturuki, kwa sababu ndani ya umoja wa forodha ushuru kwa nchi za nje hupangwa kwa pamoja. Mwenye kiwanda cha magari, ambaye vipuri vyake vinavuka bahari kati ya Uingereza na bara la Ulaya mara kadhaa kabla gari halijakamilika, aliiogopa hata njia ya Kanada. Wote hao waliweza kuweka alama kwenye kisanduku kile kile cha kuondoka. Kukubaliana kuondoka stendi si kukubaliana kama basi linakwenda Mwanza au Mtwara.

Theresa May alichukua uongozi Julai 2016. Januari 2017, katika hotuba yake ya Lancaster House, alitangaza misimamo yake: nchi itatoka katika soko la pamoja, haitabaki katika umoja wa forodha kama ulivyo, na haitakuwa chini ya Mahakama ya Ulaya. Misimamo hiyo hakuitoa kwa wananchi wala haikupigiwa kura bungeni kwanza. Wiki moja baadaye Mahakama ya Juu iliamua, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba serikali haiwezi kuanzisha safari ya kuondoka bila idhini ya Bunge. Bunge likatoa idhini haraka: tarehe 1 Februari muswada ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 498 dhidi ya 114.

Hapa, msikilizaji, ndipo naona kosa la wabunge wenyewe, na ni haki tulitaje. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inasema kwamba nchi ikishatoa taarifa ya kuondoka, inayo miaka miwili tu, na miaka hiyo ikiisha inatoka hata kama hakuna makubaliano, isipokuwa wanachama wote wakubali kuongeza muda. Bunge lilikuwa na nguvu ya kusema: hatutoi idhini mpaka tukubaliane kwanza humu ndani tunataka nini. Halikusema. Taarifa ikapelekwa Brussels tarehe 29 Machi 2017, na saa ikaanza kuhesabu nchi ikiwa haijakubaliana na nafsi yake.

May aliitisha uchaguzi wa mapema, uliofanyika Juni 2017, akitafuta wabunge wengi zaidi. Akapoteza hata wale wachache waliokuwa wakimpa wingi. Ili aweze kuongoza ilibidi aegemee wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini kinachotetea muungano na Uingereza. Kuanzia siku hiyo, hatima ya mkataba wote ilikwenda kukaa mahali ambapo wakati wa kampeni za 2016 wengi hawakupatazama: mpaka wa Ireland.

Mpaka huo una urefu wa karibu kilomita 500. Upande wa kusini ni Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Upande wa kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watu zaidi ya 3,500 waliuawa katika mgogoro kati ya waliotaka Ireland iungane na waliotaka kaskazini ibaki na Uingereza. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 uliumaliza mgogoro huo, na moja ya matunda yake ni kwamba vituo vya askari mpakani viliondolewa. Kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa ndani ya soko moja, hapakuwa na haja ya forodha pia. Watu wanalala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Lori la maziwa linavuka bila kusimama.

Msikilizaji wa Namanga, Busia au Rusumo anaelewa mara moja swali lililofuata: nchi moja ikitoka katika umoja wa forodha na nyingine ikabaki, ukaguzi utafanyika wapi? Ukiuweka mpakani, unarudisha vituo vilivyoondolewa kwa gharama ya maisha ya watu. Ukiuweka baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe, unaigawa nchi moja kwa forodha ya ndani. Usipouweka popote, umebaki katika umoja wa forodha, na hapo wapo watakaouliza umeondoka wapi.

Jibu la May lilikuwa kinga ya mpaka: kama suluhisho lingine halitapatikana, Uingereza nzima itabaki katika utaratibu wa forodha wa pamoja na Ulaya, na Ireland ya Kaskazini itafuata baadhi ya kanuni za soko la Ulaya. DUP wakaona kaskazini inatenganishwa na Uingereza. Wabunge wa Conservative waliotaka kukata mahusiano yote, kundi lililoongozwa na Jacob Rees-Mogg, wakaona nchi itafungwa humo bila uwezo wa kutoka peke yake. Na wapinzani wa Labour wakauona mkataba wote kuwa wa chama kingine, nao hawakushirikishwa. Ndiyo maana usiku ule wa Januari wabunge 118 wa chama cha Waziri Mkuu waliingia katika ujia wa wanaopiga kura ya hapana pamoja na Labour, kila upande kwa sababu iliyo kinyume na ya mwenzake.

Tusimame kidogo hapo, maana hicho ndicho kiini. Katika kura ile, aliyetaka nchi ibaki Ulaya alipiga kura sawa na aliyetaka nchi itoke bila mkataba wowote. Mmoja alikuwa akisema mkataba huu unatutoa mno, mwingine akisema haututoi vya kutosha. Kura ya hapana iliwaunganisha kwa dakika kumi na tano, na mlango ulipofunguliwa kila mmoja akarudi kwao.

Tarehe 12 Machi mkataba ukarudishwa na maelezo ya ziada. Ukakataliwa kwa kura 391 dhidi ya 242. Kesho yake Bunge likakataa pia nchi kutoka bila mkataba. Kesho kutwa likaidhinisha kuomba muda zaidi. Spika John Bercow naye akakumbusha kanuni yenye mizizi tangu mwaka 1604: hoja iliyokwisha amuliwa hairudishwi ile ile katika mkutano huo huo wa Bunge. Serikali ikalazimika kuukata mkataba vipande na kuleta sehemu moja tu, tarehe 29 Machi, siku ile ile ambayo nchi ilipaswa iwe inaondoka. Ukashindwa mara ya tatu, kwa 344 dhidi ya 286.

Katikati ya hayo wabunge walifanya jambo la nadra. Waliichukua ratiba ya Bunge mikononi mwa serikali, wakajipangia siku ya kupima wenyewe kila njia. Tarehe 27 Machi waligawiwa karatasi zenye mapendekezo manane, kila mbunge aweke ndiyo au hapana kwa kila moja. Yalikuwepo umoja wa forodha, soko la pamoja, kura ya pili ya wananchi, kutoka bila mkataba, na hata kufuta safari yote. Matokeo yaliposomwa, hakuna hata pendekezo moja lililopata wengi. Manane yote yalikataliwa.

Wakajaribu tena tarehe 1 Aprili, safari hii kwa mapendekezo manne. Umoja wa forodha, hoja ya mzee Ken Clarke, ulipata kura 273 za ndiyo na 276 za hapana. Kura tatu tu. Kurudisha uamuzi kwa wananchi kulipata 280 dhidi ya 292. Njia iliyokaribia ile ya Norway ilipata 261 dhidi ya 282. Aliyeileta njia hiyo, mbunge Nick Boles wa Conservative, alisimama palepale akasema ameshindwa kwa sababu chama chake hakitaki kukubali suluhu, akakihama chama na kutoka ukumbini.

Kwa nini kura tatu hazikupatikana? Kwa sababu kila kundi liliamini kwamba likingoja kidogo, litapata lote. Baadhi ya waliotaka kura ya pili ya wananchi hawakuunga mkono umoja wa forodha, wakijua ukipita tu, matumaini ya kubaki yamekwisha. Waliotaka kutoka bila mkataba hawakuwa na haja ya kujenga chochote, kwa kuwa sheria tayari ilikuwa upande wao: siku ikifika, nchi inatoka. Waliomtii Waziri Mkuu walitumaini hofu ya siku hiyo ingewasukuma wengine wote kwenye mkataba wake. Hesabu ya kila mmoja ilikuwa na mantiki yake. Zikijumlishwa, zilitoa sifuri.

Sikubaliani na wanaosema Bunge lile lilithibitisha kwamba demokrasia haifanyi kazi. Bunge linalokataa kuidhinisha lisichokiamini, kwa kura zinazohesabiwa na majina yanayochapishwa kesho yake, ni bora kuliko Bunge linaloitikia ndiyo kwa sauti moja halafu wananchi wakagundua baadaye kilichopitishwa. Tarehe 3 Aprili, kwenye pendekezo la kutenga siku nyingine ya kupima njia, kura zililingana kabisa, 310 kwa 310, na Spika akaamua kwa kufuata desturi, kura yake ikaenda upande wa hapana. Siku hiyo hiyo muswada wa kuilazimisha serikali kuomba muda ulipita kwa kura moja, 313 dhidi ya 312, na serikali ikautii. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna aliyefungiwa nje ya ukumbi. Hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini heshima hiyo haiondoi deni. Miezi ikapita. May akatangaza kuondoka Mei 2019, na Boris Johnson akashika usukani Julai. Johnson alitaka kutoka tarehe 31 Oktoba, siku mpya ya kuondoka, kwa vyovyote. Akamshauri Malkia aliahirishe Bunge kwa wiki tano, na tarehe 24 Septemba majaji wote 11 walioisikiliza kesi katika Mahakama ya Juu wakasema ushauri huo ni kinyume cha sheria na Bunge halikuahirishwa. Wabunge 21 wa Conservative waliopiga kura dhidi yake walivuliwa uanachama wa kundi la chama bungeni, akiwemo Ken Clarke yule yule na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Johnson alipoomba uchaguzi ili mkwamo uishe, sheria ya mwaka 2011 ilidai theluthi mbili ya wabunge wote, na hakuipata. Serikali haikuweza kutawala wala kuvunja Bunge.

Johnson hatimaye alipata mkataba wake kwa kuusogeza ukaguzi baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe, jambo ambalo DUP walikuwa wameapa kulipinga na ambalo yeye mwenyewe aliwaahidi kwenye mkutano wao wa 2018 kwamba haliwezekani. Bunge likakubali kuujadili muswada wake tarehe 22 Oktoba, kwa 329 dhidi ya 299, lakini likakataa kuujadili kwa siku tatu tu. Mwishowe vyama vikakubaliana kwenda kwa wapiga kura. Tarehe 12 Desemba 2019 Conservative wakapata viti 365 na wingi wa viti 80. Mkwamo ukaisha usiku mmoja. Uingereza ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mkataba wa biashara na Ulaya ukapatikana siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka huo.

Je, swali lilijibiwa? Kura za wingi ziliumaliza mkwamo wa bungeni, ila kule mpakani jambo lilibaki palepale. DUP walisusia serikali ya Ireland ya Kaskazini kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024 wakipinga ukaguzi wa baharini, na mwaka 2023 ilibidi London na Brussels wakae tena kuurekebisha. Waliotaka nchi ipange uhamiaji wake na mikataba yake wamepata mamlaka hayo, na ni haki tuseme hivyo. Gharama nayo ipo: ofisi huru ya serikali inayokagua makadirio ya bajeti inakadiria kuwa tija ya uchumi, kwa muda mrefu, itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama nchi ingebaki. Wananchi walistahili kuyaona yote mawili, mamlaka na gharama, yakiwa kwenye maandishi kabla ya Juni 2016.

Mawimbi yale yalitufikia na sisi. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kujadiliana na Ulaya mkataba wa ubia wa kiuchumi. Julai 2016, wiki chache baada ya Waingereza kupiga kura, Tanzania ilisema haitasaini, na miongoni mwa sababu ilizozitoa ni hali iliyotokana na kura hiyo. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba mwaka huo. Kenya haihesabiwi kati ya nchi maskini kabisa duniani, hivyo bila mkataba maua na mboga zake zingeanza kutozwa ushuru. Na Uingereza ilipotoka, Kenya ikalazimika kutafuta mkataba wa peke yake na London, uliosainiwa Desemba 2020. Maamuzi ya watu wa mbali yalizitenganisha njia zetu wenyewe ndani ya jumuiya.

Historia yetu ina somo kali zaidi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Reli, bandari, posta na ndege zikagawanyika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali na madeni haukukubaliwa hadi 1984. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa chochote. Waliouandika mkataba mpya wa 1999 walikumbuka maumivu hayo. Ibara ya 145 inasema nchi mwanachama inaweza kujitoa, ila kwanza Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, na inaweza kuifuta taarifa hiyo kabla muda haujaisha.

Ni kifungu kizuri. Theluthi mbili zinazuia nchi kutolewa kwa hasira ya msimu mmoja wa uchaguzi. Hata hivyo kina pengo lile lile lililowaumiza Waingereza: hakidai kwamba anayetaka kujitoa aoneshe kwanza anakokwenda. Miezi kumi na miwili ni nusu ya muda waliopewa Waingereza, nao miaka miwili haikuwatosha.

Kwa hiyo, msikilizaji, kujitoa si dhambi. Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya kibiashara ya COMESA mwaka 2000 na maisha yakaendelea. Ninachokiomba ni hiki. Siku mwanasiasa yeyote, awe wa chama tawala au wa upinzani, atakaposimama mbele yako na kusema tutoke katika jumuiya, usimpigie makofi wala usimzomee kwanza. Mwombe karatasi. Mwulize lori la Namanga litakaguliwa wapi, mwanafunzi wa Kampala anayesoma Nairobi atalipa ada ya nani, muuza vitunguu wa mpakani atatozwa shilingi ngapi, na nani atalipa madeni ya pamoja. Na wewe mheshimiwa mbunge unayenisikiliza, usiseme ndiyo kwa jambo la kuondoka mpaka majibu hayo yawe mezani, yamesomwa, na yamepigiwa kura pamoja na hoja yenyewe. Wananchi waulizwe swali lenye majibu yake, na Bunge lipewe kazi inayoweza kufanyika.